Figa la Mwanamvua

Marahaba, marahaba. Kaeni. Na wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, hapa si uwanja wa mpira.

Najua mnachokitazama. Mnatazama chungu changu. Kijiji kizima kinasema mzee kazeeka mpaka akili, anapikia mafiga mawili na tofali, chungu kimelala upande kama mlevi wa sikukuu. Wengine mmenihurumia, mkataka kuniletea jiwe. Asanteni, msilete. Nafasi ile ina mwenyewe. Mwenyewe anaitwa Mwanamvua, alikuwa mpasua ulanga wakati wa Mjerumani. Kuna swali nilimuuliza, jibu lake sikulisikia. Nataka nilisikie kabla hamjanifukia, kutoka kwake au kwa mtu wa kwake. Kwa hiyo leo hakuna hadithi ya sungura. Nitawasimulia kazi, kisha nitawatuma.

Ulanga mmeuona. Ile karatasi ya kioo iliyomo ndani ya pasi ya umeme ya mwalimu, isiyoungua, ndiyo hiyo. Huku milimani unatoka kwenye mwamba kama vitabu, sifanyi masihara. Wanalipua baruti, unachokonoa, unatoa bonge, ukilitazama ubavuni ni kurasa tupu. Sisi wenyewe tuliita vitabu. Mimi shule yangu ni ya Mjerumani, niliikimbia kabla hatujafika kwenye hesabu za kugawanya, lakini vitabu nimefungua kuliko walimu wenu wote. Havikuwa na maandishi, ndiyo maana nilifaulu.

Siku ya kwanza nilifika banda la kupasulia nimejipaka mafuta mpaka nang'aa, kijana mzima, mdomo umenitangulia. Nyapara akanipa kisu na kitabu cha ulanga kikubwa kama sahani. Ndani ya banda wamejaa wanawake, wamekaa chini, mikono inakwenda hata hawaiangalii. Nikasema leo watanijua. Nikakishika kile kisu, nikakichoma kitabu katikati ya uso. Kikavunjika vipande vipande, vikaruka mpaka kwenye nywele za nyapara.

Msichana aliyekaa karibu na nguzo akainua kichwa. “Nyapara, huyu mmemwokota wapi? Tumeomba mpasuaji, mmetuletea mchinjaji.”

“Ulanga wenyewe ulikuwa mbovu,” nikasema.

“Mbovu ni mkono. Wewe wa ukoo gani?”

Nikautaja. Banda zima likalipuka, vigelegele, wengine wanapiga kisu kwenye ubao. Mimi nimeduwaa. Kumbe ukoo wangu na ukoo wake ni watani toka zama za mababu.

“Alhamdulillahi,” akasema yule msichana, “maiti wangu amefika.”

Huyo ndiye Mwanamvua, wa Kinole.

Nyie utani mnaoujua ni wa mpira. Huu wetu ni wa koo. Mtani anaweza kukuvua kofia barabarani akaondoka nayo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe. Na ukifa, yeye ndiye anayeingia kaburini kwanza, anajilaza kulipima, anatoka anasema, “Fupi hili, mkateni miguu.” Watu wanalia na kucheka hapohapo. Bila mtani msiba unakuwa mkavu, mnazika mtu kama mnafukia muhogo. Kwa hiyo Mwanamvua aliponiita maiti wake alikuwa anasema kweli. Nilikuwa maiti wake, na yeye alikuwa wangu, ilikuwa inangojewa tu nani atangulie.

Kupasua alinifundisha yeye. Usichome uso, unaingilia kwenye kona. Ncha ya kisu inatafuta mahali kurasa zilipoachana kidogo, unasukuma kiasi cha unywele tu, kisha unaacha.

“Kisu ni cha kubisha hodi,” alikuwa akiniambia. “Anayepasua ni hewa. Ukiona unatumia nguvu, ujue umegonga nyumba ya mtu mwingine.”

Na kweli. Hewa ikishaingia unaisikia, psss, ukurasa unaachia wenyewe. Halafu unaunyanyua juani utafute madoa. Ukiwa safi unaona mlima mzima kupitia humo, una rangi ya chai. Unaugonga kwa ukucha, mzima unalia, wenye ufa unakohoa. Kitu kimoja tu hakuna fundi anayekiweza: ukishaupasua ukajuta, huwezi kuurudisha. Unaweza kuzilaza karatasi mbili pamoja, doa juu ya doa, ukazikandamiza hata kwa jiwe la kusagia, hazishikani. Hewa imeshapita kati yao.

Vumbi lake ndilo lilikuwa na wazimu. Linashika kwenye jasho na halitoki. Tukishuka mjini Morogoro sokoni tunamelemeta kama mabibi harusi, watoto wanatukimbilia. Ijumaa tukisujudu, mkeka wote wa msikiti unabaki na alama za mapaji ya uso zinazong'aa. Imamu akatuambia, nyie wa ulanga safu ya nyuma. Mwanamvua lilikuwa linamkaa kwenye kope. Akipepesa macho, basi. Mnacheka? Chekeni. Nimekaa miaka yote hii, mpaka leo nikiona umande kwenye utando wa buibui nasimama.

Sasa sikieni shida ya mtani. Mtani akisema ukweli hakuna anayemwamini. Nilimwambia mbele ya watu, “Mwanamvua, mimi nakuoa.” Akaniambia, “Kwanza uoge.” Watu wakaanguka kwa kicheko. Nikarudia siku nyingine tuko wawili, njiani, sauti ya chini kabisa. Akanitazama, akasema, “Maiti haoi.” Akacheka, nikacheka. Nikaenda kulala sijui nimekataliwa au nimejibiwa. Kila nikitaka kusema jambo la moyoni linatoka na mkia wa mzaha, na yeye hivyohivyo. Tulikuwa sawasawa, ila kila kitu kinyume. Nikisema mvua, anasema jua. Nikikaa kulia, anahamia kushoto. Tukikutana tu, mlipuko.

Mwambani humo ulanga haukai peke yake. Kuna mawe meusi yanayotoka nao, madogo lakini mazito kupita kiasi, ukilinyanyua unadhani kuna mtu anakuvuta kutoka chini. Yanauchafua ulanga, tukawa tunayatupa. Baadaye akaja bwana mmoja wa Kijerumani, ana miwani na ndevu za mbuzi, akawa anayaokota yaliyotupwa, anayafunga kwenye kitambaa mojamoja kama mayai, anayapeleka kwao. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tukasema Ulaya wameishiwa mawe.

Mimi nilikuwa na kibanda juu kidogo ya machimbo. Mafiga yangu mawili, la tatu lilipasuka kwa moto, nikaweka bonge la kichuguu. Kila siku kichuguu kinamomonyoka, chungu kinaegemea, ugali unaungua upande mmoja na upande wa pili ni uji. Habari zikafika bandani. Mwanamvua akashika hapohapo.

“Mwanaume mwenye mafiga mawili,” akasema, “hata njaa ikija kwake inakosa pa kukaa.”

“Basi niletee la tatu.”

“Nikuletee mimi nani wako?”

“Mzishi wangu.”

Jioni moja, jua bado lipo, tumekaa na wenzangu mlangoni, tunamwona anapanda kutoka shimoni, kata kichwani, juu ya kata jiwe jeusi. Jiwe lile kwa ukubwa ni kama papai, kwa uzito ni kama mbuzi. Shingo yake imenyooka, mishipa imesimama. Akaingia, akakipiga teke kichuguu changu, akaliweka jiwe, akalizungusha mpaka likakaa, akateleka chungu juu. Chungu kikasimama sawa. Akaweka kiganja juu ya mfuniko, akakiacha hapo kidogo.

Kwetu, nyie watoto wa siku hizi, jiko ni la mwanamke. Mwanamke hapangi mafiga katika nyumba ya mwanaume hivihivi. Mimi hilo nalijua toka nanyonya. Wenzangu wote wanalijua, wananitazama. Na mdomo wangu huu, Mungu alionipa bila kifuniko, ukasema, “Jamani, nimeolewa! Na mahari nimelipiwa jiwe!”

Wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Yeye pia alicheka. Lakini akawa anafuta mikono kwenye nguo yake, anafuta, anafuta, zaidi ya vumbi lililokuwepo. Kisha akashuka zake. Nikasema moyoni, kesho namfuata, namwambia bila mkia.

Kesho yake vikaja vita.

Vita vilikuwapo muda, lakini kwetu vilikuwa ni habari tu, vya kaskazini huko. Asubuhi hiyo askari wa Mjerumani wakajaa bandani. Mwingereza anakuja, wao wanarudi nyuma kupitia milimani, wanataka wabebaji mpaka Kisaki. Hawakuomba. Wanaume wote tukapangwa mstari, kila mtu na sanduku la risasi kichwani, na anayenung'unika anajua hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya Mjerumani, inavyouma. Wanawake wakaambiwa ondokeni. Mjomba wake Mwanamvua alikuwa ameshafika kuwachukua watu wake, washuke Kinole wachukue mizigo, kisha Ngerengere, kwenye stesheni ya reli, kwa ndugu.

Mbele ya banda njia inagawanyika. Sisi huku, wao kule. Nikamwona amejitwika mkeka. Tukapishana karibu kugusana.

“Maiti wangu,” akasema, “usifie njiani, watakuzika vibaya.”

“Na wewe usiolewe na mtu wa reli.”

“Figa langu nitalirudia.”

Hapo ndipo nikauliza. Nilikuwa nimeshampita, nikageuka na sanduku kichwani, shingo inataka kukatika. “Utalirudia kulichukua au kulipikia?”

Alijibu. Niliona mdomo ukisogea. Askari akanisukuma na kitako cha bunduki, sanduku likanigonga sikio, sikusikia neno. Nilichokiona ni mabega yake kwa nyuma yanatikisika. Na mabega, wajukuu zangu, yanatikisika kwa kicheko na kwa kilio namna moja.

Mimi nikaenda Kisaki, na mbele zaidi ya Kisaki, kusini huko ambako wengi walibaki. Sitawasimulia. Niliporudi, paa la kibanda limeanguka, majani yamenifika kifuani. Nikafyeka. Mafiga yapo matatu, jeusi katikati ya majivu kama alivyoliacha. Sikupumzika, nikashuka Ngerengere. Nikauliza stesheni, nikauliza sokoni, nikauliza kila mtu mwenye mkeka kichwani. Mmoja anasema walikwenda pwani. Mwingine anasema kulikuwa na homa, walizikwa wengi. Mwingine anasema, “Mwanamvua? Hapa kila aliyezaliwa masika ni Mwanamvua.” Nikarudi.

Nikarudi kazini pia. Mwingereza akafungua machimbo, tukaendelea. Njia zilibadilika. Ikaja mikasi mikubwa ya kukanyaga kwa mguu, kingo zinakatwa kwa mpigo. Ikaja mizani, ikaja taa za shimoni. Vijana wakawa wanapasua haraka kuliko mimi, lakini wanachoma uso. Nikawa nawafundisha kwenye kona, nawaambia kisu ni cha kubisha hodi. Wananiuliza, “Mzee, hayo maneno umeyatoa wapi?” Nawaambia kwa mzishi wangu. Wanadhani nimelewa.

Nilioa, ndiyo. Bibi yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mwema na mkali. Alipikia figa lile maisha yake yote akijua ni la nani. Nikimuudhi ananiambia, “Mwambie mwenye figa aje akupikie.” Lakini hakuliondoa. Nikamuuliza siku moja kwa nini. Akasema, “Chungu kimesimama sawa, niliondoe figa kwa wivu?”

Sasa tufike kwa Zuhura, mjukuu wangu anayefundisha sayansi shule ya chini huko. Miezi michache iliyopita alikuja na kisanduku alichoazima kwa mabwana wa madini, kinaita ti, ti, ti. Anataka kunionyesha tu, kunifurahisha. Kapita nacho mlangoni, ti, ti. Kafika jikoni, kisanduku kikapiga kelele kama kuku aliyeona nyoka.

“Babu, hili jiwe umelitoa wapi?”

“Limeletwa na mchumba.”

“Babu, sitanii.”

“Na mimi ndiyo shida yangu toka zamani.”

Akaketi, akanieleza. Mnamjua, akianza haachi. Akasema jiwe hili linatoa miali, mwanga mkali ambao jicho haliuoni. Na baadhi ya mwanga huo una nguvu kiasi kwamba ukipita ndani ya jiwe unazaa. Pasipo na kitu vinatokea vitu viwili, vidogo kuliko chochote: chembe moja, na mwenzake wa kinyume. Uzito uleule, kila kitu kilekile, ila umeme wa huyu ni hasi na wa yule ni chanya.

“Huyo wa kinyume,” nikamuuliza, “anaishi wapi?”

“Haishi, Babu. Dunia yote imejaa hizi za kwetu. Hafiki mbali kabla hajakutana na mmoja wao. Na wakikutana, wanaisha wote wawili.”

“Wanauana.”

“Wanaisha. Haibaki maiti, haibaki majivu wala moshi. Uzito wao wote unageuka mwanga. Wangekuwa wengi, punje ya mtama ikutane na punje ya kinyume, hapo sokoni pasingebaki banda. Lakini humu ni mojamoja, huwezi hata kuhisi.”

“Na huo mwanga?”

“Inatoka miali miwili. Inaondoka saa ileile, nguvu sawa, mmoja huku na mwingine kule, wamepeana mgongo. Hata kuna mashine, ukiudaka mmoja unajua mwenzake kaenda wapi, kwa sababu lazima awe upande wa pili wa mstari uleule.”

Nikainama nikalitazama jiwe. Zuhura akadhani sijaelewa, akataka kuanza upya. Nikamshika mkono. Nimeelewa, mama. Mambo hayo yalikuwa yanatendeka chini ya chungu changu toka siku ile aliyoliweka, usiku na mchana, wanazaliwa, wanakutana, wanaisha, miali inapeana mgongo. Mimi nakoroga ugali juu.

“Na wakishaachana,” nikamuuliza, “huo mwali unarudi?”

“Haurudi, Babu.”

“Hata siku moja?”

“Mwanga hauna kurudi. Unakwenda mbele tu mpaka ugonge kitu.”

“Ukigonga?”

“Basi unaacha nguvu yake hapo. Kile kilichogongwa ndicho kinachobaki nayo.”

Hapo ndipo nilipokaa vizuri. Miaka yote nilikuwa nasubiri Mwanamvua arudi kwa njia aliyoondokea. Nilikuwa nautazama mlango. Kumbe mlango haukuwa na kazi. Kama alifika Ngerengere, au alipita, kuna aliowagonga. Kuna mtoto alimzaa, au mtoto wa jirani alimfundisha kusokota kamba au kupika, na huyo mtu leo anacheka kama yeye na hajui kicheko kakitoa wapi.

Zuhura akasema jiwe haliwezi kukaa ndani, miali yake inaumiza mwili polepole, na watoto wanacheza pale jikoni. Tuligombana, tena sana. Nilimwambia mimi nimelipikia toka Mjerumani na bado nina meno. Akasema, “Babu, wewe una meno, lakini huyu?” Akamwinua kitukuu changu, yule anayependa kukaa karibu na moto. Nikainuka, nikachukua fimbo yangu.

Hatukulitupa. Vijana wawili walilibeba kwa mti mpaka shimo la zamani, pale lilipotolewa, mimi nyuma na fimbo. Nikawaonyesha pa kuliweka, ndani, mwambani. Ulanga uliobaki bado unamelemeta humo ukiingiza jua. Nikalishika kidogo. Nikaliambia, mwenyewe akija nitamwelekeza. Vijana wakatazamana.

Basi, kazi nimewasimulia. Sasa nawatuma. Nyie mnaoshuka Ngerengere na matenga ya ndizi, na wewe unayefanya kazi reli, ulizeni. Muulizeni mtu aliyekuwa na bibi au jirani, Mwanamvua wa Kinole, aliyekuwa akimwita mtu maiti wake. Koo sizitaji hapa, asije tapeli kula kuku wangu. Wa kweli nitamjua mlangoni: wa kunipa shikamoo nitampa chai aende zake. Wa kweli ataingia moja kwa moja, atanivua kofia hii, ataniuliza mbona sijafa. Huyo mnikalishie hapa karibu, mtupishe. Nitamuuliza kama alisikia kwa bibi yake ni kulichukua au kulipikia. Akiwa na jibu, vizuri. Akiwa hana, atanizika hivyohivyo, alipime kaburi, aseme fupi.

Zuhura aliniuliza juzi, “Babu, lakini si nilikwambia wakikutana wanaisha wote wawili?” Nikamwambia ndiyo, mama, na mimi nilichosikia ni kwamba wanakutana.

Alitaka pia kuongeza tofali jingine ili chungu kisimame sawa. Nimemkataza. Njooni hapa nilipokaa mkitazame vizuri. Si kwamba kimelala ovyo. Mnaona kimeelekeza mdomo wapi? Fuateni kidole changu, pita mnazi ule, shuka bondeni, nyooka. Ngerengere ndiyo ile.